Maji Yaliyozidi: Uchambuzi wa Kisa cha Marathoni ya Boston, 2002

Tarehe 15 Aprili 2002, kwenye mstari wa kumalizia mbio za marathoni za Boston nchini Marekani, watafiti waliwangoja wakimbiaji wakiwa na mizani na sindano. Siku moja au mbili kabla ya mbio, watu 766 walikuwa wamekubali kushiriki katika utafiti na kupimwa uzito. Sasa, baada ya kilomita 42.195, waliofika waliombwa wapande tena mizani na watoe damu kidogo. Sampuli 488 zilifaa kupimwa. Kilichotafutwa ndani yake kilikuwa kitu kimoja tu: kiasi cha sodiamu, madini yaleyale yaliyomo kwenye chumvi ya mezani, ambacho kwa mtu mwenye afya hukaa kati ya milimoli 135 na 145 katika kila lita ya majimaji ya damu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2005 katika jarida la New England Journal of Medicine, mwandishi wa kwanza akiwa daktari Christopher Almond. Kati ya wale 488, watu 62, yaani asilimia 13, walikuwa na sodiamu ya 135 au chini ya hapo. Watatu miongoni mwao walikuwa wameshuka hadi 119, 118 na 114, viwango ambavyo daktari wa zamu akiviona kwenye karatasi ya maabara huacha mara moja alichokuwa akifanya. Hata hivyo, watatu hao walikuwa wamemaliza mbio. Mwanamke mmoja wa miaka 28, aliyekuwa katika mbio hizohizo, hakumaliza: alianguka njiani, akapelekwa hospitalini, akafariki kwa tatizo hilohilo. Hakufa kwa kukosa maji wala kwa jua kali. Alikufa kwa sababu maji aliyoyanywa yalizidi yale ambayo mwili wake uliweza kuyatoa.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ndani yake hamna mtu aliyekaidi maagizo. Wakimbiaji walikunywa kwa kuwa waliambiwa wanywe, waandaaji waliweka vituo vya maji kwa kuwa walishauriwa waviweke, na waliotoa ushauri walikuwa na karatasi za kisayansi mkononi. Hoja yangu ni kwamba kosa lilikuwa kwenye swali la nani alipimwa. Ushauri ulitokana na miili ya watu wenye kasi wanaotoa jasho jingi, kisha ukatekelezwa na watu wa mwendo wa taratibu wanaotoa jasho kidogo, na kwa miaka mingi hapakuwa na mtu aliyewapima hawa wa pili.

Tuanze na kemia yake, kwa kuwa ni nyepesi kiasi cha kufanyika kwenye karatasi. Mchukue mtu wa kilo 50 ambaye nusu ya uzito wake ni maji, yaani lita 25. Kwa hesabu ya kukadiria, tuseme sodiamu yake ni milimoli 140 kwa kila lita, hivyo akiba yote ni 3,500. Anakimbia polepole kwa saa tano katika siku isiyo na joto, na anatoa jasho lita mbili. Jasho lina chumvi kidogo kuliko damu. Tuseme lina milimoli 40 kwa lita, kwa hiyo amepoteza 80 na kubaki na 3,420. Katika muda huo amekunywa lita moja ya maji kila saa, jumla lita tano, na hakukojoa. Maji mwilini sasa ni lita 28. Gawanya 3,420 kwa 28 na utapata 122.

Rudia hesabu hiyohiyo, lakini safari hii asinywe maji matupu. Anywe kinywaji cha michezo chenye milimoli 20 za sodiamu kwa lita, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha vinywaji hivyo. Lita tano zitamrudishia milimoli 100, akiba itakuwa 3,520, na jibu litakuwa karibu 126. Amepanda kidogo, lakini bado ni mgonjwa. Sababu yenyewe ni kwamba kinywaji kinachotangazwa kuwa kinarudisha chumvi kina chumvi karibu moja ya saba tu ya ile iliyomo kwenye damu. Kwa mtu aliyejaa maji, kinywaji hicho nacho kinazimua. Utafiti wa Boston ulithibitisha jambo hilo kwa damu za watu halisi: aina ya kinywaji haikuhusiana na kushuka kwa sodiamu. Kilichohusiana sana kilikuwa uzito. Aliyemaliza mbio akiwa mzito kuliko alivyoanza ndiye aliyekuwa hatarini.

Natamani kila mkimbiaji aitafakari hali hiyo ya kuongezeka uzito katika mbio. Mtu anayekimbia saa nne au tano anachoma sukari na mafuta ya mwilini, anapumua mvuke na anatoa jasho. Uzito hauna budi kupungua. Ukipanda, maelezo ni moja tu: ameingiza majimaji kuliko aliyoyatoa.

Msomaji atauliza kwa nini asikojoe tu maji yaliyozidi. Figo za mtu aliyepumzika zinaweza kutoa mkojo unaokaribia lita moja kwa saa, na kama zingefanya kazi hivyo barabarani, kisa hiki kisingekuwepo. Lakini mazoezi ya muda mrefu, maumivu, kichefuchefu na joto huuchochea ubongo umwage homoni ya vasopresini, ambayo huziamuru figo zibanie maji. Homoni hiyo ilipaswa kuzimwa mara damu inapozimuka. Kwa baadhi ya wakimbiaji haizimiki, kwa kuwa amri ya mazoezi na kichefuchefu inaishinda ile ya damu. Mtu wa namna hiyo hahitaji kunywa lita tano ili aingie taabani. Hata zilizo chache zaidi zinamtosha, kwa kuwa mlango wa kutokea umefungwa.

Maji hayo yakishabaki ndani huhamia kule kwenye chumvi nyingi. Damu ikizimuka, seli zinakuwa na chumvichumvi nyingi kuliko majimaji yanayozizunguka, basi maji yanaingia na seli zinavimba. Vidole vikivimba, pete inabana na mkanda wa saa unaacha alama kwenye kifundo cha mkono. Ubongo ukivimba, hauna pa kwenda, kwa maana fuvu halipanuki. Kinachofuata ni kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa, degedege, kupoteza fahamu, na mwisho kushindwa kupumua. Mapafu nayo huweza kujaa maji ingawa moyo ni mzima. Ripoti moja ya mwaka 2000 iliwaeleza wakimbiaji saba wa marathoni waliofikishwa hospitalini wakiwa na ubongo uliovimba na mapafu yaliyojaa: sita waliotibiwa kwa maji ya chumvi kali walipona, na mmoja ambaye ugonjwa wake haukutambuliwa alifariki.

Tatizo hili halikugunduliwa Boston. Lilikuwa limeelezwa miaka 17 kabla, nchini Afrika Kusini, ambako mbio za Comrades huwapeleka watu karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg. Mwaka 1985 Tim Noakes wa Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na wenzake, walichapisha maelezo ya wanariadha wanne walioshiriki mashindano ya zaidi ya saa saba na kuugua kwa sodiamu kushuka, na wakapendekeza kwamba chanzo ni maji mengi. Pendekezo hilo lilipingwa. Wengine walisema kwamba watu hao walipoteza chumvi nyingi mno kwa jasho, na kwamba maji hayana kosa.

Njia iliyotumika kuutatua ubishi huo inanivutia kuliko kitu kingine chochote katika kisa hiki. Baada ya mbio za Comrades za mwaka 1988, watafiti waliwafuatilia wakimbiaji wanane waliolazwa kwa tatizo hili, na wakati wakipona walipima kila kilichoingia na kila kilichotoka. Walijiuliza hivi: kama mgonjwa alipoteza chumvi, mwili wake utaishikilia chumvi na maji wakati wa kupona, kama alijaa maji, atayakojoa. Wagonjwa wote wanane waliyakojoa. Maji ya ziada yalikuwa kati ya lita 1.2 na karibu 5.9, na chumvi waliyoipoteza haikuzidi ile waliyoipoteza wakimbiaji waliomaliza mbio hizohizo wakiwa na damu ya kawaida. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1991. Kwa maoni yangu mjadala ulipaswa kuishia hapo.

Haukuishia hapo. Mwaka 1996 Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo, ambacho maneno yake yanasikilizwa duniani kote, kilitoa waraka uliowashauri wanariadha waanze kunywa mapema, wanywe kwa vipindi maalumu, na wajitahidi kurudisha maji yote yanayotoka kwa jasho au wanywe kiasi kikubwa kabisa ambacho tumbo linaweza kukivumilia. Waraka huohuo ulitaja mililita 600 hadi 1,200 za kinywaji chenye sukari kwa saa. Ukiirudia hesabu yetu utaona kwamba mtu wa kilo 50 mwenye mwendo wa saa tano yumo kabisa ndani ya ushauri huo, tena karibu na katikati yake. Alitii, akaugua.

Waraka huo ulikuwa na mizizi ya kweli, na ni haki kuitaja. Zamani wakimbiaji walionywa wasinywe, kwamba maji ni udhaifu. Mwaka 1969, huko Afrika Kusini, C. H. Wyndham na N. B. Strydom walichapisha makala kuhusu hatari ya kunywa maji machache katika marathoni, wakionyesha kwamba joto la mwili huenda sambamba na upungufu wa maji. Makala hayo yalisaidia kuvunja desturi mbaya. Lakini kilichofuata ni kwamba neno “machache ni hatari” liligeuka taratibu kuwa “mengi ni salama”, na hayo ni madai mawili tofauti; la pili halikuwahi kupimwa kabla ya kuenezwa. Vinywaji vya michezo vilikuwa biashara kubwa katika miaka hiyo, na ujumbe wa kunywa bila kungoja kiu ulipigiwa debe kila mahali.

Halafu kuna jambo la wenye kasi. Haile Gebrselassie wa Ethiopia aliposhinda marathoni ya Dubai mwaka 2009 kwa saa 2:05:29, watafiti waliomfuatilia walikuta amepoteza takriban asilimia 9.8 ya uzito wake. Kwa mujibu wa waraka wowote wa miaka ya 1990, mtu huyo alipaswa kuwa hoi kando ya barabara. Badala yake hakuna aliyempita. Simaanishi kwamba kila mtu ajikaushe kama yeye. Ninachomaanisha ni kwamba upungufu wa maji ambao maabara iliuona kuwa ukingo wa maafa, bingwa aliupita akiwa mbele ya wote, na jambo hilo peke yake lilitosha kutufanya tuuulize ule ukingo ulichorwa kutoka kwenye mwili wa nani.

Mkimbiaji wa mbele anapita kituo cha maji mara moja kila baada ya dakika chache, ananyakua kikombe akiwa katika kasi, nusu inamwagika kifuani. Anatoa jasho jingi kwa sababu misuli yake inazalisha joto jingi. Mkimbiaji wa nyuma anafika kituoni akitembea, anasimama, anakunywa kikombe kizima, pengine viwili, na ana saa tano za kufanya hivyo karibu kila maili. Joto analolizalisha ni dogo, jasho lake ni kidogo, na mwili wake mara nyingi ni mdogo. Katika utafiti wa Boston asilimia 22 ya wanawake na asilimia 8 ya wanaume walikuwa na sodiamu ya chini, na wengi walikimbilia kusema kwamba ni ugonjwa wa wanawake. Uchambuzi ulipozingatia mambo yote kwa pamoja, jinsia haikubaki. Kilichobaki ni kuongezeka uzito, kumaliza kwa zaidi ya saa nne, na umbo lililo mbali na wastani, hasa wembamba. Kikombe ni kilekile kwa mtu wa kilo 50 na wa kilo 85, ila bwawa kinamomiminwa si lilelile.

Sasa tuingie kwenye hema la huduma ya kwanza, kwa sababu huko ndiko kisa kinapogeuka kuwa kifo au kupona. Mgonjwa anaingizwa akiyumba, anatapika, haeleweki anachosema. Mhudumu ambaye maisha yake yote amefundishwa kuogopa ukavu ataona ukavu, na atamtundikia dripu ya maji ya chumvi ya kawaida, yale ya asilimia 0.9. Kwa mkimbiaji aliyekaukiwa dripu hiyo ni sawa. Kwa huyu inaweza kuwa msumari wa jeneza, ingawa maji hayo yana milimoli 154 za sodiamu kwa lita, zaidi ya damu yenyewe. Vasopresini ikiwa bado juu, figo zinaweza kuitoa chumvi ya dripu katika mkojo mchache ulio mkali, na kuyabakiza maji. Yaani mwili unaichuja dripu, unaitupa dawa na kuiweka sumu.

Tiba sahihi ni kinyume na mazoea: maji ya chumvi ya asilimia 3, mililita 100 tu, yanayoingizwa kwenye mshipa kwa haraka, na kurudiwa hadi mara mbili zaidi kwa vipindi vya dakika kumi ikiwa dalili hazijapungua. Kiasi hicho hakijazi hata nusu ya glasi. Kinafanya kazi kwa sababu kinaivuta sodiamu ya damu juu kwa milimoli chache, na milimoli hizo chache zinatosha kuyatoa maji kwenye ubongo na kumrudisha mtu kutoka kwenye degedege. Madaktari wengi waliiogopa dawa hii kwa kuwa kupandisha sodiamu kwa kasi kunaweza kuharibu ubongo wa mgonjwa ambaye imekuwa chini kwa siku nyingi. Hofu hiyo ni ya haki kwa mgonjwa wa wodini. Kwa mkimbiaji, ambaye sodiamu yake imeshuka kwa saa chache na ubongo haujapata muda wa kuzoea, hatari iko katika kuchelewa.

Nisieleweke vibaya kuhusu joto. Kiharusi cha joto kinaua wakimbiaji pia, na dalili zake za mwanzo zinafanana na hizi kiasi cha kumchanganya mtu mzoefu. Lakini hicho hutambuliwa kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa, na hutibiwa kwa kumtumbukiza mgonjwa kwenye maji ya barafu. Hakuna kati ya magonjwa haya mawili ambalo linatibiwa kwa kukisia.

Je, vifo hivi vilikuwa vinazuilika? Jibu lilikuwa limeshapatikana Nyuzilandi kabla ya Boston. Katika mashindano ya Ironman (kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo) ya mwaka 1997, asilimia 18 ya wamalizaji 330 waliopimwa damu walikuwa na sodiamu ya chini. Mwaka uliofuata waandaaji walifanya jambo ambalo kwa wakati huo lilionekana kama ukatili: walivipunguza vituo vya vinywaji, wakavitenganisha zaidi, na wakawaelimisha washiriki kuhusu hatari ya kunywa kupita kiasi. Waliohitaji matibabu kwa tatizo hili walipungua kutoka 25 kati ya washiriki 660 hadi 4 kati ya 650. Hakuna dawa mpya iliyobuniwa wala mtambo ulionunuliwa. Meza za maji ziliondolewa. Inaniuma kwamba ushahidi wa namna hiyo ulikuwepo, na bado mwaka 2002 mtu alifariki akiwa anatii ushauri uliopitwa na wakati.

Baada ya Boston mambo yalisogea. Mwaka 2003 shirikisho la riadha la Marekani lilibadilisha maelekezo yake. Mwaka 2005 Noakes na wenzake walikusanya vipimo vya uzito na sodiamu vya wanariadha 2,135 na kuonyesha kwamba kunywa kupita kiasi ndicho kiini, kikisaidiwa na homoni isiyozimika. Mwaka 2007 kile chuo cha tiba ya michezo kilitoa waraka mpya unaomtaka kila mtu ajipimie jasho lake mwenyewe na unaoonya dhidi ya kuongezeka uzito. Wataalamu waliokutana Carlsbad, California, mwaka 2015 waliandika bila kuzungukazunguka kwamba kinga iliyo salama ni kunywa unaposikia kiu.

Wengine bado wanasema kiu huchelewa, kwamba ukiisikia umeshakauka. Siafiki. Ubongo huanzisha kiu pale damu inapokolea kwa asilimia chache tu, na hukata hamu ya maji mara koo na tumbo vinapotoa taarifa, kabla hata maji hayajafika kwenye damu. Ni kipimo kinachojirekebisha kwa mwili wa kila mtu, kwa hali ya hewa ya siku hiyo na kwa mwendo wake, jambo ambalo jedwali la mililita kwa saa haliwezi.

Upande wa hema, kuna mashine ndogo za mkononi zinazosoma sodiamu kutoka kwenye matone machache ya damu ndani ya dakika mbili hivi, na mbio kubwa hazina udhuru wa kuzikosa. Pasipokuwa na mashine, ibaki mizani, na uzito wa kabla ya mbio uandikwe nyuma ya namba ya kifuani. Mgonjwa aliyechanganyikiwa akipandishwa mizani na kukutwa mzito kuliko asubuhi, hatundikiwi ile dripu ya kawaida, hapewi chupa ya maji, na anayemhudumia anaagiza chumvi ya asilimia 3.